Aweys Hakuniuzia Mpira Haraka

Aweys anauza mipira ya kupitisha mafuta kwenye trakta pale Maua, na watu husema hapendi kuuza. Nilimwendea wakati mpira wangu ulipopasuka, jembe likakataa kuinuka, na mvua ilikuwa karibu kwetu Muthara. Mdomo wa mpira ulikuwa umevunjika, nikabeba nati peke yake. Nikailinganisha na ya mpira mpya: upana mmoja, nyuzi zile zile.

"Ni huu. Funga niende."

"Shosho, nati inaweza kuingia na mafuta bado yavuje. Niletee kile chuma ambacho inafungiwa kwa trakta."

"Mimi bibi mzee nimelima kabla hujazaliwa."

"Basi lima. Mpira siuzi."

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikafungua kile chuma, nikarudi Maua nikakitupa mezani kwake. Akakipapasa kwa kidole.

"Kichwa chake kimechongoka. Ule mpira uliotaka mdomo wake ni bapa, haungekaa."

Akanipa mwingine, na jembe likainuka kabla ya mvua.

Nilipompitia tena nilimwambia angenieleza vizuri mapema. Akasema alieleza. Mpaka leo nanunua kwake tu, na hilo bado hatujakubaliana.