Hodi Kwenye Nyasi

Juzi niliona kibao kipya pale Harrow, huku ughaibuni, kwenye uwanja lilipokuwa jumba la bwana mmoja wa kale. Kimemtaja bwana, mkewe, hata farasi wake. Watumishi, hakuna! Damu ilinichemka.

Nilikuwa mdogo mama aliponipeleka pale akitoka kazini, mikono yake ikinuka dawa ya vyoo. Mtembeza wageni alituonyesha nyasi zilizozungukwa na handaki la maji yaliyooza, akasema jumba lilikuwa hapo. Nikadhani bado lipo, ila hatulioni. Nikaita kama nilivyofundishwa: “Hodi!”

Watu wakacheka. Mama akauliza, “Nani alikuwa akilisafisha?”

“Hilo halikuandikwa,” akajibu mtembeza wageni.

Mama akanigeukia, akaitika kwa sauti, “Karibu, mwanangu.”

Nilidhani anawajua wenyeji. Kumbe aliitika kwa niaba ya waliolifagia jumba. Na mpaka leo kibao hakina nafasi yao. Farasi, jamani, anayo!