Kisoksi cha Hazel

"Yule kijana wako wa mkiani katoroka," Bi Thirkettle aliniambia kwenye foleni ya nyama, kwa sauti ya kumfikia hadi mchinjaji. "Mabomu ya Mjerumani yanaanguka, wenzake wamo handakini, yeye huyo kakimbilia shamba la viazi vya sukari kama sungura. Wamemkuta anatambaa kwa magoti. Analia, bata wangu! Kesho anasimamishwa mbele ya mkuu wa kikosi."

Bi Thirkettle huwaita watu wote bata wake, hata anapowachinja.

Nikamjibu kwamba Wilf Ottershaw si wangu, mimi namfulia tu. Nikachukua soseji zangu nikaondoka.

Kabla ya vita, Wilf alikuwa akitembeza mikate kwa baiskeli huko Leeds. Ni mfupi, masikio makubwa, na kwa ufupi wake ndio maana walimtia kwenye kile kibanda cha vioo mkiani mwa ndege ya mabomu, ambako mtu mrefu angelazimika kukunjwa kama shuka. Hukaa humo na bunduki zake, anatazama nyuma njia nzima ya kwenda Ujerumani na kurudi. Akija kuchukua nguo hunywa chai jikoni kwangu na kumtazama Hazel, binti yangu ambaye hajafika mwaka, kama mtu anayeota moto. Nikimuuliza safari ilikuwaje, husema, "Baridi, Bi Codling." Basi, hapo maneno yamekwisha.

Uwanja wa ndege unaanzia pale ua wangu wa miti unapoishia, na ndege yao huegeshwa karibu kabisa. Asubuhi ile mawingu yalikuwa chini, Hazel amelala nje kwenye kigari chake. Mjerumani mmoja alichomoka mawinguni kabla king'ora hakijapata hata pumzi. Nilimnyakua mtoto nikaingia naye chini ya meza. Vioo vya dirisha viliruka, masizi yote ya bomba la moshi yakamwagika kwenye unga. Tulipotoka, ndege ya akina Wilf ilikuwa inawaka. Vijana wote watano walikuwa hai. Nilishukuru nikaenda zangu kwenye nyama, na huko ndiko nikapokewa na habari za Bi Thirkettle.

Mchana Wilf akaja, matope hadi kidevuni, suruali mkononi.

"Naomba unifulie hii kwa ajili ya kesho, Bi Codling."

Mimi huwa natazama mifuko kabla ya kuloweka. Mkono wangu ukatoka na kisoksi cha sufi, cha njano, kisigino kijani, kimeungua kidoleni.

Nilikijua. Nilikifuma mwenyewe. Sufi ya njano iliniishia, nikamalizia visigino kwa uzi wa sweta la mume wangu, aliyeko jeshini jangwani. Dunia nzima hakuna jozi nyingine kama ile. Kimoja kilipotea tangu vuli, nikapekua nyumba, nikapekua banda la kuku, nikawauliza vijana wote mmoja mmoja. Nahodha wao, Garside, aliapa kwa roho ya mama yake, na mama yake yu hai.

"Wilf Ottershaw. Hiki ni nini?"

Masikio yakawa mekundu. "Kisoksi."

"Naona ni kisoksi! Kimefikaje kwako?"

"Kilikuwa ndani ya shati langu ulilolifua. Nilitaka kukirudisha, kweli. Lakini safari ile nilikuwa nacho mfukoni, tukarudi kwa injini moja. Nahodha akasema kisitoke ndani ya ndege."

"Mwanangu amekaa na mguu mmoja baridi msimu mzima ili nyinyi mpate hirizi!"

"Ndiyo, Bi Codling."

Nikamketisha. Ilibidi nimvute maneno kama uzi uliofungamana. Asubuhi kisoksi kilikuwa kinaning'inia juu ya bunduki zake. Bomu likawasha bawa la ndege. Akaruka kutoka handakini.

"Ukaingia kwenye ndege inayowaka."

"Mkiani tu. Mkia ulikuwa haujashika moto."

Alisema hivyo kama mtu mwenye akili timamu. Alipokipata, moto ulikuwa umemkata njia ya kurudi handakini, akatokea upande wa pili, akakimbilia viazi, akaanguka, kisoksi kikamponyoka. "Nilikuwa natambaa nikikitafuta. Ndipo ofisa akanikuta."

"Na kulia?"

"Moshi." Akafikiri. "Sanasana moshi."

"Sasa si umwambie mkuu hivyo hivyo?"

"Haisemwi. Ukikitaja kwa mkubwa, bahati imekwisha. Hata wenzangu wanajua. Hatukitaji."

"Kwa hiyo watakuvua cheo, watakuita mwoga maisha yako yote, watakutupa mwisho wa nchi ukasugue vyoo, na wenzako wanne wanyamaze tu kwa ajili ya soksi ya mtoto?"

Alikitazama kile kisoksi mkononi mwangu. "Wakiruka bila mimi, angalau watakuwa nacho."

Nilimrudishia kile kisoksi. Niliifua ile suruali mpaka karibu itoboke.

Asubuhi Garside alikuja kuichukua. Nilimsomea yote mlangoni, nikamuuliza yeye ni nahodha au mwanasesere.

"Hatuwezi kukitaja, Bi Codling," alisema. "Sisi." Alilivuta lile neno, kisha akatazama dari kana kwamba hajasema kitu.

Kwanza sikuelewa. Nilipoelewa kwamba mimi simo kwenye hilo 'sisi', nilitamani kumpiga na kikaango. Nikambeba Hazel, nikachukua kisoksi cha pili, nikamfuata. Mlinzi wa lango nilimfulia wiki iliyopita, hakuuliza.

Mkuu wa kikosi alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, macho yamezama. Wilf amesimama mbele yake kama mti. Niliweka kisoksi mezani.

"Samahani, Afande. Nimekuja kudai mali ya mwanangu. Huyu ana mwenzake wa hiki."

Wilf akaamriwa kutoa vya mfukoni. Vikalazwa pamoja, kimoja safi, kimoja kimeungua.

"Kiliungulia wapi?"

Wilf kimya, macho ukutani. Garside kimya. Mijitu mizima! Nikasema mimi, kuanzia shati hadi viazi, Hazel akinivuta nywele.

Mkuu alifunika uso kwa kiganja. Halafu mkono wake ukashuka, ukagusa mfuko wa kifuani mwake kama anayehakikisha kitu kimo bado, ukatoka upesi.

"Ondokeni hapa," alisema. "Wote. Ottershaw, hii suruali haijakauka. Kuna ndege mpya inawangoja, kaikagueni."

Nje upepo ulikuwa mkali. Nilirudisha kisoksi safi mguuni mwa Hazel, nikamnyooshea Wilf mkono anipe kile kingine. Hakunipa. Alisimama anakifinyafinya, anatazama mguu wa mtoto.

"Bi Codling," alisema, "ndege yenyewe mpya, haitujui bado. Naomba uniazime na hicho. Nitavirudisha vyote viwili, mimi mwenyewe."