Bati ya Mama Achieng'

Siku yangu ya kwanza katika kituo chetu kidogo cha redio, hapa Kibera, Mkuu wa Vipindi alinikabidhi maiki, na onyo juu yake. "Mama, upepo ni adui. Ukiingia kwenye maiki, hiyo si kazi tena, ni kelele."

Nikaenda Soko la Toi kwa rafiki yangu Mama Achieng', muuza mitumba, nikachagua koti lenye kola ya manyoya. Nikaikata kola, nikaishona ikawa kofia ya maiki. Manyoya huvunja nguvu ya upepo, sauti ya mtu ikabaki safi. Achieng' alicheka. "Aki wewe! Maiki imevaa kuliko mwenyewe!" Nyinyi vijana mna kompyuta za kusafisha sauti. Mimi nilisafisha kwa sindano na uzi, na upepo haukunipata hata ng'o.

Kisha ikaja ile fujo ya baada ya uchaguzi. Kibanda cha Achieng' kikateketea, simu yake yenye namba zote ikiwa ndani. Njia ya kwenda Kawangware ikafungwa. Nilimkuta kwake Kambi Muru, humu humu Kibera, analia.

"Watu walitoroka sokoni wakisema nimeungua. Rafiki yangu Mama Mwende, kule Kabiro, Kawangware, lazima ameshasikia, na ana presha, hiyo habari itamuua. Lakini redioni siongei. Nikifungua mdomo tu, watajua kwetu ni wapi."

Sikumlaumu. Siku zile jina au lafudhi ilitosha kukuponza. Wanasiasa walikuwa wamepiga domo mpaka majirani wakaacha kusikilizana, na hilo liliniuma sana.

Upepo ukavuma. Bati moja ya paa lake, iliyolegea msumari, ikapiga mluzi mrefu, kisha ikagonga, ta-ta! Tukatazamana. Kila Jumapili Mama Mwende alipokuja kunywa chai, aliigombeza bati hiyo. "Achieng', tafuta fundi! Hii kitu inanitukana!"

Nikaivua maiki manyoya yake, nikaielekeza juu, nikarekodi.

Kituoni, Mkuu wa Vipindi karibu aruke dirishani. "Dakika nzima ya upepo? Kwani unataka watu wazime redio?"

"Bosi, wanasiasa tumewapa masaa. Upepo nao tuupe dakika yake."

Alikuna kichwa, akasema, "Haya." Tukarusha bila jina, bila neno. Simu ya kituo ikalia, mwanamke akilia na kucheka kwa pamoja. "Hiyo bati ni ya..." Akajizuia kabla ya kutaja jina. "Mwambieni mwenyewe nimesikia."

Nimerekodi mawaziri na maaskofu, na wengi walinisifu. Lakini ukiniuliza kazi yangu bora ni ipi, nitakwambia ni ile dakika, na sitaona haya kujisifu.

Njia zilipofunguka, Mama Mwende alifika Kambi Muru na nyundo na misumari, amechoka kumngoja fundi. Achieng' akamzuia mlangoni. "Weka chini! Hiyo ndiyo ilikwambia niko hai."

Sasa nimestaafu. Jumapili tunakunywa chai sisi watatu chini ya bati ile ile. Ikianza matusi yake, Mama Mwende huweka kikombe chini, akaiacha imalize.