Unga wa Mchele Mlangoni Petu

Juzi, rafiki yangu, nilikwenda mtaa wa Jette, huku huku ughaibuni, kumtazama mgonjwa, na nilipotoka miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye nyumba tuliyokulia. Mlango umepakwa rangi ya kijivu. Nikausukuma, nikanusa ngazi: sabuni tu. Zamani zile, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ngazi hizo zilinukia sombe yetu, majani ya muhogo, chini na bizari ya jirani juu.

Jirani huyo alikuwa bibi wa Kihindi, sari yake daima imefunikwa na sweta. Kifaransa hakukijua, mjukuu wake, tuliyesoma naye darasa moja, ndiye aliyetufasiria. Jumatano mchana, shule zikifungwa mapema, nilipanda kwao kwa siri. Bibi akipepeta dengu, alitusimulia miji ya matofali ya kuchoma iliyosimama kando ya mto mkubwa maelfu ya miaka iliyopita, na nyimbo za ibada ambazo makuhani walirithishana kwa mdomo, silabi kwa silabi, karne nyingi kabla hazijaandikwa. Kila asubuhi alichora maua ya unga wa mchele mlangoni pake. "Mwenye nyumba hulisha sisimizi na ndege kabla hajala," alisema.

Maman, mama yetu, hakujua lolote kuhusu ziara hizo. Alizaliwa Lubumbashi, akalelewa kanisani, na zile sanamu za miungu ya bibi, zilizokaa juu ya vichwa vyetu, aliziombea kila jioni ziondoke.

Asubuhi moja ya Januari, sikukuu ya mavuno ya kina bibi, maman alifungua mlango atupeleke shule, akaganda. Kizingitini petu palikuwa na mistari myeupe, imezunguka nukta nyeupe.

"Musikanyage!" Akatuvuta nyuma. "Bulozi! Banatuwekea bulozi ku mulango!"

Papa, yaani baba, alikuwa kazini hospitali. Mdogo wangu akaanza kulia. Maman akashika ufagio, akaomba kwa sauti iliyojaa ngazi nzima. Ndipo bibi akashuka, anatabasamu, na sahani ya wali mtamu mkononi. Akauona ufagio. Tabasamu likazimika.

Kusema kulikuwa kujifichua.

"Maman, haiko bulozi. Iko bunga ya muchele. Anatubariki."

"Weye unajua namna gani?"

Macho yangu yakapanda ngazi.

"Donc unaendaka kule juu!"

Bibi hakuelewa neno hata moja, lakini uso wa maman aliuelewa. Aliweka sahani chini, akapiga magoti kwa taabu, akachovya kidole katika unga ule na kuulamba. Akachovya tena. Kisha akamtazama maman na kungoja.

Mwishowe maman akauegemeza ufagio ukutani, akainama, akamshika bibi kwapani.

"Simama, maman. Chini kuko baridi."

Usidhani hofu ilimtoka. Alitubeba mmoja mmoja kuvuka mistari ile, na wali hakuuonja mpaka papa alipokula jioni akabaki mzima. Lakini Jumatano iliyofuata aliniambia, bila kunitazama: "Panda. Ila ushuke mbele ya dix-sept heures." Yaani kabla ya saa kumi na moja jioni.

Bibi alirudishwa kwao alipougua. Maman naye ametangulia. Hawakuwahi kuwa na lugha moja, wale wawili. Waliogopana, kisha wakazoeana. Mimi leo nina jirani ng'ambo ya ukuta wangu, miaka sasa. Simwogopi hata kidogo, wala sijui anakula nini.