Pointi Zisizo Zangu

Drafti niliijua kabla sijaanza kunyoa ndevu, na drafti ndiyo iliyoniharibia chesi. Kwenye drafti yetu ya vizibo vya soda, ukiona cha kula ni lazima ule, utake usitake. Chesi haimlazimishi mtu. Mimi nilijilazimisha. Kila aliyenitegea askari wa bure kule mtandaoni nilimla, na baada ya hatua tatu mfalme wangu hana pa kukimbilia. Mwaka mzima nilikwama kwenye pointi mia nane, na nilichokitaka wakati ule, nisifiche, kilikuwa elfu moja. Kwenye kijiwe chetu hapa Ifakara nilishatangaza kwamba nitafika.

Kazi yangu ni kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno vumbi la pumba linaua simu, kwa hiyo yangu nilikuwa naiacha nyumbani, Lipangalala. Msimu ule pointi zikaanza kupanda. Jioni nikiifungua nakuta mia tisa, mara mia tisa na hamsini, na michezo ambayo sikuicheza. Nilijua. Ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu, na paka hachezi chesi. Lakini nilijitia hamnazo. Zilipopita elfu moja nikaenda kijiweni kuwaonyesha michezo ile hatua kwa hatua, nikieleza kwa nini niliiacha ngome ya bure. Wakaanza kunipa shikamoo hata wasiostahili kunipa. Raha niliyoipata naikumbuka hadi leo, na naichukia.

Siku moja umeme ulikatika mashineni, nikarudi mchana. Mke wangu alikuwa mlangoni anachagua mchele, simu ameiegemeza kwenye kopo. Aliniambia pole na kazi, wala hakushtuka. Chesi alijifunza kwa kunitazama tu nikishindwa, mwaka mzima. Nikasimama nyuma yake. Mpinzani akamwachia farasi hivi hivi.

"Mle," nikasema.

"Simli. Mbona anataka sana nimle?"

Akasogeza askari mmoja upande wa pili, akarudi kwenye mchele wake. Haukupita muda yule mtu akakubali kushindwa. Mke wangu akanigeukia akitabasamu, anasubiri niseme kitu.

Ningeweza kusema hongera. Neno lenyewe jepesi, hata mtoto analiweza. Nilimwambia anamaliza chaji ya simu kwa upuuzi, nikabadilisha namba ya siri palepale mbele yake.

"Haya, baba," akasema, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Kibao kikanigeukia. Zile pointi ziliniletea wapinzani wa kiwango chake, si changu, nao walinichinja. Kijiweni walitaka nicheze wakiona. Nikacheza, nikala, nikaliwa. Hakuna aliyenicheka usoni, na hilo liliniuma zaidi. Kabla msimu haujaisha nilikuwa nimerudi mia nane.

Namba ya siri nilishaiondoa. Siku hizi nikitoka naiacha simu mezani, ina chaji, na bando nimeweka. Nikirudi naikuta vilevile, haijaguswa. Nikimwambia acheze, anasema amesahau.

Hajasahau. Jumapili iliyopita baada ya misa nilikuwa nacheza, yeye amekaa karibu yangu anasuka mkeka. Mpinzani akaniachia malkia wake. Nikaona macho ya mke wangu yanatembea ubao mzima, kisha yanasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu. Nilimuuliza, kwa upole kabisa, nicheze nini.

"Wewe ndiye unayejua, baba," akasema, akainuka kwenda kutazama maharage jikoni.

Nilimsubiri arudi. Dakika zangu zilipokaribia kuisha, nikamla malkia.