Pua ya Mkaguzi wa Boti

Mkaguzi wa boti ya Pemba hutembea pua mbele. Kwa miaka mingi alimjua mvutaji kwa vidole vyake vya manjano. Alimnyooshea kiganja bila ya neno, na mtu akazima sigara. Tangu sigara za umeme zipigwe marufuku botini, kiganja kile hakijui kinyooshwe kwa nani. Hazina moto wala jivu, na moshi wake, wasemavyo, hunukia kila namna: peremende, halua, embe, hata udi. Abiria wawili wameshalalamika kuwa amewapekua bure. Wa tatu akilalamika, bosi amesema, mkaguzi atashushwa bandarini akabebe mizigo.

Leo harufu tamu ilimpokea mlangoni na haikumwacha. Alikwenda mbele, ikawa mbele. Alirudi nyuma, ikawa nyuma. Ikamfikisha kwa Bi Salhiya, mwanamke mzima aendaye harusini Wete.

"Shikamoo, Bi. Samahani, nifungulie mkoba."

"Marahaba. Mie nivute sigara, na meno haya mawili?" Bi Salhiya alimshika mkono, akanusa pindo la shati lake. "Udi huu, baba! Mkeo kakufukiza wewe, unakuja kunipekua mie?"

Abiria walicheka. Ni kweli, alfajiri mkewe alilitandaza shati juu ya chetezo cha udi, kuiombea baraka kazi yake. Mara, kutoka viti vya nyuma, ikaja harufu ya embe bivu. Alisimama, akanusa mkono mmoja wa shati, akanusa wa pili, akajiuliza kama udi huweza kugeuka embe. Kisha akavipita viti vile, kiganja mfukoni.