Ufunguo wa Rosaura

Eleuterio Bazán alichonga funguo chini ya ardhi ya Buenos Aires mpaka nywele zikamwisha kichwani. Kibanda chake kilikuwa kimebanwa ukutani, katika ushoroba unaounganisha metro na treni za vitongoji, mahali ambapo mtu hasimami ila amepotea au amevunjikiwa na ufunguo. Kila treni ilitanguliwa na upepo wa vuguvugu kutoka kwenye handaki, wenye harufu ya chuma na vumbi, na funguo zilizoning'inia kibandani zikaanza kugongana taratibu kabla sikio halijasikia lolote. Wapita njia walishtuka. Yeye alikwishazoea.

Hakuwa mtu wa kutazama nyuso. Alitazama mikono na funguo, basi. Zulma, mama wa Kiparagwai aliyeuza mikate ya chipá kwenye kikapu mkabala naye, hakuchoka kumtania.

"Mzee Bazán, wewe hata shetani akija kuchongesha ufunguo wa jehanamu utamwuliza tu, mmoja au mbili?"

"Akija nao mkononi namchongea. Kazi ni kazi, mama."

Nyumbani kwake, kule Haedo, alikuwa peke yake tangu mkewe Rosaura alipofariki. Marehemu alikuwa na hofu moja isiyomtoka: kurudi nyumbani akute mlango umefungwa naye yuko nje. Akiwa kitandani hospitalini, alimshika mumewe mkono. "Usinizike bila ufunguo wangu, Leuto. Nikirudi nisigonge kama mgeni." Alicheka, kikohozi kikamkaba. Eleuterio naye alitimiza. Kitasa cha mlango ule alikitengeneza mwenyewe, na funguo zake zilikuwa mbili tu duniani, kila mmoja ameupiga alama ya nyota ndogo kwa tupa. Mmoja ulikaa mfukoni mwake. Wa pili aliutia katika mfuko wa gauni la Rosaura kabla jeneza halijafunikwa.

Toka siku ya maziko hakufungua madirisha. Aliondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na jioni alibaki kibandani mpaka walinzi waanze kuvuta mageti, kwa kuwa kule chini kulikuwa angalau na nyayo za watu. Jua alilisahau.

Mchana mmoja wa Agosti, baridi ikiwa kali huko juu, mkono wenye glavu uliweka ufunguo mbele yake.

"Nichongee mmoja," ilisema sauti ya kike, nusu yake imemezwa na treni iliyokuwa ikiingia. "Huu umeanza kukwama kwa kutu. Na mume wangu huwa hayupo mchana kunifungulia."

"Sawa, bibi," alijibu bila kuinua kichwa.

Meno ya ufunguo yalikuwa yamegandwa na udongo. Akachukua brashi, akasugua. Chini ya udongo ikatokeza nyota.

Aliinua uso upesi. Umati wa abiria wa treni ulikuwa umefurika ushorobani, makoti na migongo tu.

"Bibi! We bibi!"

Hakugeuka mtu. Akatoa ufunguo wake mfukoni, akaulaza juu ya ule mwingine. Hapakuwa na tofauti ya unywele.

Zulma aliuvuka ule umati akamfuata. "Una nini? Unaumwa?"

Akamweleza yote kwa sauti ya chini. Zulma aliutazama ufunguo asiuguse. "Basi wamefukua kaburi, mzee. Watu wa leo wanaiba hata maua ya marehemu, watauacha ufunguo?"

"Mwizi gani aibe ufunguo wa nyumba yangu, halafu auchongeshe kwangu?"

Zulma alipiga ishara ya msalaba, akarudi kwenye kikapu chake.

Eleuterio aliuchonga. Hakujua afanye nini kingine. Akautundika pamoja na ule wa zamani kwenye msumari karibu na taa. Usiku ule aliweka kiti nyuma ya mlango wa nyumba yake, kisha akaona haya, akakiondoa.

Baada ya hapo alianza kutazama nyuso. Alizitazama mpaka macho yakamwasha, nazo chini ya zile taa nyeupe zilikuwa rangi moja, kama watu wote wametoka kitanda kimoja cha wagonjwa. Hakumwona aliyemtafuta. Kisha siku moja alikwenda msalani, na aliporudi msumari ulikuwa mtupu.

"Mwenyewe kaja kuchukua," alisema Zulma. "Yule mama yako wa ufunguo."

"Yukoje?"

"Mfupi. Shali ya kijani. Akikohoa anageuza uso pembeni kama mtoto wa shule. Mstaarabu, kanunua na chipá."

Zulma alikuwa mgeni pale stesheni. Hakuwahi kumwona Rosaura, wala hiyo shali ya kijani aliyozikwa nayo.

"Kasema nini?"

"Kasema, mwambie leo asichelewe. Halafu kashuka kwenda kwenye treni za magharibi, za Haedo. Mzee, mbona umepauka hivyo?"

Eleuterio alifunga kibanda mchana kweupe. Treni ilipotoka chini ya ardhi mwanga ulimchoma, akasafiri amefumba macho.

Madirisha ya nyumba yake yalikuwa wazi. Aliyaona tangu kona ya mtaa. Akafungua mlango. Jua lilikuwa limelala sakafuni, vumbi limefutwa. Mezani palikuwa na kibuyu cha ile chai ya kwao iitwayo mate, kimejazwa majani mapya, birika la moto kando yake, na nusu ya chipá juu ya karatasi.

"Rosa?"

Nyumba ilinyamaza, lakini kimya kile kilikuwa cha mtu aliye chumba cha pili anatunga uzi kwenye sindano. Alikwenda chumba cha pili. Alichungulia mvunguni. Mlango wa uani ulikuwa umekomewa kwa ndani. Akarudi mezani, akaketi. Hatimaye akamimina maji, akanywa. Ilikuwa chungu, bila sukari, kama alivyokuwa akitengenezewa. Akala ile nusu.

Tangu hapo hufunga kibanda jua lingali juu, na majirani wameanza kumsalimu kwa jina.

"Umebadilisha kitasa lakini?" Zulma alimwuliza.

"Nimfungie nani nje, mama?"

Siku nyingi hukuta birika baridi. Hapo huliteleka mwenyewe, akasubiri lichemke.